Sosi ya Karanga ya Kithai kwa Saladi ya Nyumbani

Chukua bakuli, tia vijiko viwili vya siagi ya karanga, kamulia nusu ndimu juu yake, uanze kukoroga. Mwanzoni inateleza vizuri. Baada ya mizunguko sita au saba inakaza ghafla: inakuwa donge kama udongo wa kufinyangia chungu, na uma unasimama wima katikati yake. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakamwaga kila kitu na kusema karanga zilikuwa mbovu.

Hazikuwa mbovu. Zina kiu. Ongeza kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu, koroga. Kingine, koroga. Kufikia cha tatu au cha nne donge linaachia, linapauka kutoka rangi ya udongo hadi rangi ya chai ya maziwa, na linaanza kutiririka kwenye uma kama uji mwepesi.

Ukilielewa tukio hilo dogo, nusu ya kazi umeimaliza. Siagi ya karanga ni chembechembe za karanga zinazoogelea ndani ya mafuta yake yenyewe. Maji machache yakiingia, chembe huyanyonya na kushikana, ndiyo maana mchanganyiko hukaza. Maji yakizidi kiasi fulani mambo hugeuka: mafuta ndiyo sasa yanayotawanyika, vitone vidogo mno ndani ya maji, na sosi hulainika na kung'aa. Basi ikikaza usiogope, na usikimbilie kuongeza mafuta. Inahitaji maji, tena kidogo kidogo.

Sosi hii ni ya wapi hasa?

Tuseme ukweli kabla hatujawasha jiko. Ile "saladi ya Kithai" yenye sosi nzito ya karanga, ndimu, tangawizi na mchuzi wa soya inayouzwa kwenye migahawa ya Ulaya na Marekani, mpishi wa Bangkok anaweza kuiangalia kwa mshangao. Saladi ya papai bichi ya Tailandi, *som tam*, hutiwa karanga zilizokaangwa zikiwa vipande, na maji yake ni ya ndimu, sukari, pilipili na mchuzi wa samaki. Haina rojo la karanga.

Lakini rojo la karanga lenyewe lipo kwao. Lipo kando ya mishkaki yao, *satay*, mapishi yaliyofika huko kutoka Java na nchi za Wamalei. Lipo pia kwenye saladi iitwayo *salat khaek*: viazi, mayai ya kuchemsha, tofu ya kukaanga, tango, nyanya, kitunguu na majani ya saladi, vyote vikimwagiwa sosi ya karanga iliyopikwa kwa tui la nazi. Neno *khaek* maana yake ni mgeni, na ndilo Wathai wanalotumia kuwaita watu wa asili ya Kihindi, Kimalei na Kiarabu. Kwa hiyo ni saladi ya wageni, wakiwemo Waislamu waliofika kwa biashara ya bahari. Mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuiona ngeni sana.

Nitakupa njia mbili: ya haraka isiyopikwa, ambayo ndiyo ile ya migahawani, na ya kupikwa kwa tui, iliyo karibu zaidi na *salat khaek*. Ya pili ina kazi zaidi. Binafsi ndiyo ninayoipenda.

Ladha nne, na mahali pa kuzipata

Sosi hii husimama kwa ladha nne zinazovutana: tamu, chachu, chumvi na ukali. Juu ya hizo karanga huongeza mafuta na uzito. Vipimo nitakavyokupa ni vya kuanzia tu, kwa sababu ndimu ya leo si ndimu ya jana, na mchuzi wa soya wa chupa moja una chumvi kuliko wa nyingine. Kuna kitu unatakiwa kukijua kuhusu kila ladha.

*Uchachu.* Ndimu au ukwaju. Ndimu ina harufu kali inayopanda puani, lakini moto huiua. Itie kwenye sosi isiyopikwa, au mwishoni kabisa sufuria ikiwa imeshatoka motoni. Ukwaju hauogopi moto, na uchachu wake ni wa chini, wenye utamu kwa ndani. Kwa sosi ya kupikwa hauna mpinzani. Mkwaju ni mti wa asili ya Afrika uliosafiri hadi Asia zamani sana, na ndimu ilikuja kwetu kutoka upande wao. Siki itumie tu kama umekosa vyote viwili, na uipunguze.

Ukwaju wa kupikia hutengenezwa hivi: gramu 50 za ukwaju, kama donge la ukubwa wa yai, loweka katika nusu kikombe cha maji ya moto kwa dakika 15. Vuruga kwa vidole mpaka nyama iachane na kokwa na nyuzi, kisha chuja. Utabaki na maji mazito ya kahawia.

*Utamu.* Wathai hutumia sukari ya minazi na ya mivumo. Ule utomvu wa mnazi ambao wagema wetu huuteremsha na kuuacha uchachuke uwe tembo, wao huuchemsha ungali mbichi mpaka uwe sukari laini ya kahawia. Dukani kwetu kinachokaribia zaidi ni sukari guru. Ikune au iyeyushe kwenye maji ya moto kwanza, maana vipande vyake haviyeyuki ndani ya karanga. Asali inafaa. Sukari nyeupe inafaa pia, ila inaleta utamu mtupu usio na harufu.

*Chumvi.* Kwao ni mchuzi wa samaki, *nam pla*: samaki wadogo wa jamii ya dagaa wa baharini waliopangwa na chumvi nyingi na kuachwa miezi kadhaa, hata mwaka na zaidi, mpaka watoe maji ya rangi ya chai. Unanuka chupa ikifunguliwa. Ukiingia kwenye sosi harufu hujificha na kubaki ule utamu wa nyama. Usipoupata, au kama mezani kuna asiyekula samaki, tumia mchuzi wa soya. Kusaga dagaa wakavu ukawatia badala yake nimejaribu, na sikushauri: sosi inageuka mchuzi wa dagaa, nao una mahali pake na si juu ya kabichi.

*Ukali.* Pilipili kichaa mbichi kwa sosi ya haraka, pilipili kavu kwa ya kupikwa. Pilipili mbuzi ina harufu yake tamu inayofunika karanga, kwa hiyo punguza.

Karanga: hapa usiwe na haraka

Karanga ndizo zinazoamua sosi itakuwaje, nazo ndizo watu wanazinunua bila kuziangalia.

Jambo la kwanza ni la afya. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na kuvu inayotoa sumukuvu, hasa yasipokaushwa vizuri baada ya kuvunwa au yakihifadhiwa mahali penye unyevu. Sumu hii huharibu ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara, Tanzania, walifikwa na msiba wa aina hiyo. Na hili lishike vizuri: moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Kukaanga huua kuvu yenyewe, lakini sumu iliyokwisha kutolewa hubaki. Kinga yako ni kununua vizuri na kuchambua.

Wakati wa kuchagua:

☐ Nunua karanga nzima zilizomenywa, si za unga. Karanga iliyosagwa huioni ilivyokuwa.
☐ Zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika na kuwa nyeusi, zenye madoa ya kijani au ya njano, na zilizotobolewa na wadudu.
☐ Nusa. Karanga nzima hunukia kama maharage mabichi na udongo mkavu. Zikinuka ukungu, au mafuta yaliyokaa sana, zirudishe kwa mwenyewe.
☐ Tafuna moja mbichi. Ikiwa chungu, usinunue.
☐ Ulizochambua na kuzikataa zitupe. Usiwape kuku.

Kuchambua hupunguza hatari kwa sehemu kubwa, kwa sababu mara nyingi sumu hukaa kwenye punje chache mbovu. Hakuifuti kabisa. Ndiyo maana ya kununua kwa muuzaji unayemfahamu, anayeuza haraka na kuweka magunia yake juu ya chaga na si sakafuni.

Niliwahi kununua karanga za unga sokoni kwa sababu wageni walikuwa njiani. Rangi nzuri, bei nzuri. Sosi ilitoka na uchungu uliokaa nyuma ya ulimi, nikaongeza sukari, nikaongeza ndimu, nikaongeza tena sukari, mwisho nikawa na bakuli zima la kitu ambacho si kitamu wala si kichungu, kinachomfanya mtu anywe maji. Tulikula saladi kwa chumvi na ndimu.

*Kukaanga na kusaga karanga, gramu 250*

1. Weka kikaango kizito juu ya moto wa chini kuelekea wa kati. Tia karanga kavu, bila mafuta, ziwe tabaka moja.
2. Koroga kwa mwiko bila kuondoka, dakika 12 hadi 15. Moto mkali hubabua ngozi na kuacha kiini kibichi, na hapo ndipo uchungu unapoingia. Ukiwa na oveni, ziweke kwenye trei kwa nyuzi 160, dakika 15 hadi 20, ukizigeuza katikati.
3. Usihukumu kwa ngozi. Toa karanga moja, ipasue, angalia ndani. Ikiwa rangi ya ngano iliyoiva, zitoe *sasa hivi*. Zitaendelea kuiva kwa joto lake dakika mbili tatu zaidi, kwa hiyo ukisubiri zifike rangi unayoitaka zikiwa bado motoni, umechelewa.
4. Zimwage kwenye ungo au sinia ya chuma zipoe haraka. Zikipoa, zifikiche kwa kitambaa kikavu na upepete. Ngozi chache zikibaki si neno.
5. Tenga konzi moja, utwange kidogo tu kwenye kinu, vipande viwe vikubwa. Hizi ni za kunyunyizia juu.
6. Zilizobaki zitie kwenye blenda zikiwa bado na uvuguvugu, maana mafuta hutoka upesi. Kwanza utaona unga, kisha donge linalojibandika ukutani, kisha ghafla rojo linalong'aa. Kati ya hatua ya pili na ya tatu watu hutia maji. Usitie. Zima, kwangua ukutani, iache mashine ipumzike dakika mbili isiungue, endelea. Kama inagoma kabisa, tia kijiko kimoja cha mafuta ya kula.

Kwa kinu na mchi inachukua kama dakika 20 za kutwanga na rojo halitakuwa laini sana. Kwa sosi ya kupikwa hilo ni zuri zaidi.

*Ukitumia siagi ya karanga ya kopo:* soma maelezo ya nyuma. Iliyo karanga na chumvi pekee ndiyo inayofaa, na mafuta yaliyopanda juu si dalili ya kuharibika, yakoroge yarudi. Kama ina sukari, anza na nusu ya sukari ya mapishi haya. Kama haitengani kabisa hata ikikaa miezi, imetiwa mafuta ya kuigandisha, na sosi yake huacha utando kwenye paa la kinywa.

Njia ya kwanza: ya haraka, dakika 10

Inatosha saladi ya watu sita. Kikombe hapa ni mililita 250, kijiko kikubwa mililita 15.

- Siagi ya karanga, nusu kikombe
- Maji ya ndimu, vijiko vikubwa 3
- Mchuzi wa soya, vijiko vikubwa 2 (au mchuzi wa samaki, kijiko kikubwa 1 na nusu)
- Sukari guru iliyokunwa, kijiko kikubwa 1 na nusu
- Kitunguu saumu, punje 1
- Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kifundo cha kidole gumba
- Pilipili kichaa, 1 au 2
- Maji ya vuguvugu, vijiko vikubwa 6 hadi 8

1. Twanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili pamoja na chembe za chumvi mpaka viwe laini. Chumvi hukwaruza na kusaidia mchi.
2. Hamishia kwenye bakuli, mimina maji ya ndimu juu yake, acha dakika tano. Ndimu hukipunguzia kitunguu saumu kibichi ule ukali unaomfuata mtu mpaka kesho yake.
3. Yeyusha sukari guru katika vijiko viwili vya maji ya moto. Tia bakulini pamoja na mchuzi wa soya.
4. Tia siagi ya karanga. Koroga. Itakaza, unajua sasa kwa nini.
5. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja, ukikoroga mpaka kila kimoja kipotee kabla ya kutia kingine. Simama pale sosi inapotiririka kwenye kijiko na kuacha mgongo wake umefunikwa. Usiwe mgema aliyesifiwa: sosi iliyozidi maji haikamati mboga, inakwenda kukaa chini ya bakuli.
6. Onja, lakini si kwa kijiko. Chovya jani la kabichi au kipande cha tango ule. Sosi ikionjwa peke yake inatakiwa iwe na nguvu kupita kiasi kidogo, kwa sababu mboga zitaizimua.

Ukionja, jiulize kwa mpangilio huu: chumvi imefika? Uchachu? Utamu? Ukali uwe wa mwisho. Chumvi ikiwa pungufu ladha nyingine zote huonekana zimelala, na mtu huanza kuongeza ndimu bure.

Njia ya pili: ya kupikwa kwa tui

Hapa mpishi wa Pwani itabidi asahau alichofundishwa. Kwetu, tui zito likishaingia sufuriani hutoki jikoni: unakoroga, unalichota kwa upawa na kulimimina tena, lisije likakatika. Mpishi wa Tailandi, kwa sosi hii na kwa michuzi yake mingi, *anataka* likatike. Analipika peke yake mpaka mafuta yajitenge, kisha anakaangia viungo ndani ya mafuta hayo ya nazi. Harufu ya viungo hukolea kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na hiyo ndiyo tofauti kati ya sosi inayonukia chumba kizima na ile yenye harufu ya karanga za kuchemsha.

*Viungo vya kutwanga:* pilipili kavu ndefu 4 zilizotolewa mbegu na kulowekwa, punje 3 za kitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu 2, sehemu nyeupe ya bua moja la mchaichai, tangawizi kidogo, kijiko cha chai 1 cha mbegu za giligilani na nusu kijiko cha binzari nyembamba zilizopashwa kwenye kikaango kikavu, na chumvi nusu kijiko. Twanga vikavu kwanza, kisha vibichi, mpaka viwe kitu kimoja. Ukitaka kuvipeleka upande wa *massaman*, mchuzi wa Kithai ambao jina lake linatokana na neno Mwislamu, ongeza iliki 2, karafuu 2 na kipande kidogo cha mdalasini. Vyote unavyo kwenye kopo la pilau. Viungo vilivyosagwa tayari vya chupa au pakiti, kijiko kikubwa kimoja, vinatosha.

*Vingine:* tui zito kikombe 1, tui la pili nusu kikombe, karanga zilizotwangwa au siagi yake nusu kikombe, ukwaju uliochujwa vijiko vikubwa 2, sukari guru vijiko vikubwa 2, mchuzi wa samaki kijiko kikubwa 1 au chumvi ya kuonja.

1. Tia nusu ya tui zito sufuriani, moto wa kati. Liache lichemke bila kulisumbua sana. Baada ya dakika tano hadi nane mapovu yatabadilika sauti, kutoka kuchemka hadi kukaanga, na utaona vidimbwi vya mafuta angavu juu. Tui la kopo au la boksi wakati mwingine hukataa, kwa sababu limetiwa vitu vya kulizuia lisijitenge. Likigoma, ongeza kijiko cha mafuta ya nazi uendelee.
2. Tia viungo vya kutwanga. Punguza moto. Kaanga dakika tatu, ukikwangua chini, mpaka mafuta yawe mekundu na harufu ya ubichi iondoke.
3. Tia karanga, tui lililobaki na tui la pili. Koroga. Hapa mwiko usitoke, karanga hushika chini upesi.
4. Tia sukari, ukwaju na mchuzi wa samaki. Acha itokote polepole dakika tano.
5. Epua ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka. Ikipoa huzidi uzito. Kamulia ndimu matone machache, onja, acha ifike uvuguvugu kabla ya kuipeleka kwenye mboga.

Mafuta mekundu yatakayoelea juu yaache. Ndiyo uzuri wake.

Sosi imekwenda kombo?

- *Imekaza kama udongo:* maji ya vuguvugu, kijiko kimoja kimoja.
- *Imekuwa maji:* siagi ya karanga kijiko kimoja, au karanga ulizosaga mwenyewe. Unga wa ngano au wa mahindi, hapana.
- *Chumvi imezidi:* usiongeze sukari pekee. Ongeza karanga na maji, kisha ndimu kidogo.
- *Imechacha mno:* sukari kidogo, au kijiko cha tui.
- *Kali mno:* tui au karanga zaidi. Maji hayasaidii, ukali wa pilipili hukaa kwenye mafuta.
- *Imepooza tu, huelewi inataka nini:* mara tisa kati ya kumi inataka chumvi.
- *Imeungua chini:* hamishia sufuria nyingine bila kukwangua. Onja. Kama moshi umeshaingia, anza upya.

Saladi yenyewe

Sosi hii ni nzito, inataka mboga ngumu. Kabichi, karoti, tango, pilipili hoho, embe bichi, papai bichi, maharage mateke yaliyochemshwa dakika mbili. Majani laini ya saladi hulala chini yake kama nguo iliyolowa.

Kwa watu sita: kabichi gramu 400 iliyokatwa nyuzi nyembamba sana, karoti 2 zilizokunwa, tango 1 lililotolewa mbegu, pilipili hoho nyekundu 1, konzi ya majani ya giligilani.

Kabichi na tango vinyunyizie nusu kijiko cha chai cha chumvi, acha dakika 15, vikamue. Mboga hujaa maji, na chumvi yoyote itakayozigusa, hata ile iliyo ndani ya sosi, itayavuta nje. Bora yatoke mapema uyamwage, kuliko yatokee mezani.

Kosa hili nililifanya siku nilipomkaribisha shangazi yangu kutoka Tanga. Nilichanganya saladi na sosi saa nne asubuhi ili nisihangaike mchana. Alipofika saa saba, bakuli lilikuwa na kisima cha maji ya kijivu chini, na kabichi iliyolegea ikielea juu. Baada ya "shikamoo shangazi" na "marahaba mwanangu", alichota, akatafuna taratibu, akasema: "Kachumbari yako imeoga." Hakuongeza neno, akaomba wali.

Kwa hiyo: changanya dakika tano kabla ya kula. Anza na nusu ya sosi, geuzageuza kwa mikono miwili kutoka chini, angalia kama kila uzi wa kabichi umepakwa. Ongeza ikibidi. Iliyobaki iweke mezani kwenye kibakuli. Karanga zile ulizotenga zinyunyize mwisho kabisa, zikiwa bado zinalia mdomoni.

Kwa *salat khaek*, usichanganye. Panga kwenye sinia viazi vya kukaanga vilivyokatwa vyembamba, mayai ya kuchemsha, tofu kama unayo, tango, nyanya, majani ya saladi yaliyo magumu, kisha mwagia sosi ya kupikwa juu ikiwa vuguvugu.

Kabla hujapakua

☐ *Uliza kuhusu mzio.* Karanga zinaweza kumuua mwenye mzio nazo ndani ya muda mfupi, na kwenye sosi hazionekani. Waulize wageni, wote, na uwaambie wazi kilichomo. Kijiko kilichogusa sosi kisiguse bakuli lingine.
☐ Watoto wadogo wasipewe karanga za vipande zilizonyunyizwa juu, huweza kuwapalia.
☐ Mchuzi wa soya wa kawaida una ngano. Mchuzi wa samaki ni samaki.

Sosi ya haraka hukaa siku nne au tano kwenye friji, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Ya tui siku mbili, tatu kwa shida. Pasipo friji ile ya tui iliwe siku hiyohiyo, maana huchacha upesi. Zote mbili zitakaza zikipoa: maji ya vuguvugu kijiko kimoja, koroga, na uonje tena chumvi kabla ya kutumia.

Ikibaki nusu kikombe na saladi imekwisha, ipake kwenye mishkaki dakika mbili za mwisho juu ya mkaa, au ile na muhogo wa kuchemsha. Shangazi aliporudi mara ya pili nilimpa ya tui, na muhogo. Aliuliza kama kuna nyingine ya kubeba.